Kitabu Kilichomtisha Houda

Sikuzani hukaanga sambusa mbele ya nyumba yake huko Nyakabiga, mjini Bujumbura. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, wateja wake huwa wameshafika. Wanakuja walimu, waendesha baiskeli na wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi hao kila siku husema watakula njiani. Kila siku wanakula pale pale, wamesimama, sambusa zikiwachoma vidole.

Mume wake anaitwa Rachidi. Ni fundi wa magari. Mtoto wao ni mmoja tu, naye walimpata baada ya kungoja miaka saba. Anaitwa Houda. Ana miaka kumi na moja.

Houda alipenda sana kusoma. Nyumbani kulikuwa na vitabu vitatu vya hadithi za watoto. Alivisoma mpaka majalada yakang'oka. Alasiri, akitoka shule, alikaa kwenye ngazi ya mlango akasoma kwa sauti. Mama yake alikuwa karibu, anakunja sambusa za kesho, anasikiliza. Sikuzani alizijua hadithi zile tatu neno kwa neno.

Lakini Jumanne moja, saa ya kwenda shule, Houda hakutoka. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya mama yake, ameshika pindo la kitenge chake.

"Houda, utachelewa," Sikuzani alisema.

"Tumbo inauma."

"Jana ilikuwa kichwa."

"Leo ni tumbo."

Sikuzani aliondoa sambusa kwenye mafuta, akamgeukia. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hali hii ilikuwa imeanza zaidi ya wiki moja. Houda alikuwa hali chakula vizuri. Alikuwa hataki taa izimwe. Na alikuwa hamwachi mama yake hata hatua mbili. Sikuzani akienda bombani, Houda yuko nyuma. Akienda chooni, Houda anasimama mlangoni.

"Mama, uko ndani?"

"Niko."

Baada ya kidogo: "Mama, bado uko?"

"Sasa nitaenda wapi, mwanangu? Mlango ni huu mmoja."

Siku za kwanza Sikuzani alicheka. Sasa hakucheka tena. Jumatatu mwalimu alikuwa ametuma habari. Alisema Houda analia darasani bila sababu, na kila mara anatazama dirishani kama anayengoja mtu.

Sikuzani alizima moto wa mbabula, jiko lake la makaa. Alifunika sambusa zilizobaki. Akamshika mtoto mkono, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Adolphe. Alimpima Houda joto la mwili. Alimbonyeza tumbo. Alichukua tone la damu kwenye kidole. Wakasubiri kwenye benchi, Houda amejibana kwa mama yake kama kifaranga. Muuguzi aliporudi, alimwita Sikuzani pembeni.

"Malaria hakuna. Homa hakuna. Tumbo ni nzuri," alisema. "Mama, mutoto huyu si mugonjwa wa mwili. Kuna kitu kinamuogopesha."

"Kitu gani?"

"Mi sijui. Labda ameona kitu. Labda mutu amemufanyia kitu. Yeye ndiye anajua. Mumuulize polepole, bila kelele."

Maneno hayo yalimwingia Sikuzani kama maji baridi. Kuna wazo ambalo mama wa mtoto wa kike hapendi hata kulitaja. Wazo hilo lilikuja, likakaa. Walipokuwa wanarudi nyumbani, alimtazama kila mwanamume waliyekutana naye. Alimtazama mchuuzi wa maji. Alimtazama jirani aliyekuwa anafua shati lake, mtu mpole, ambaye siku zote huwasalimu. Alimtazama kwa jicho baya, na mtu huyo hakujua kwa nini.

Nyumbani alimkalisha Houda kitandani.

"Mwanangu, kuna mutu alikugusa?"

"Apana."

"Kuna mutu alikutisha? Sema tu. Sitakugombeza."

Houda alichezea uzi wa shuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Si mutu."

"Kama si mutu, ni nini?"

Houda aligeuka akatazama ukuta.

Rachidi aliporudi kutoka gereji, mke wake alimweleza yote. Alikaa bila hata kunawa mikono. Mikono ilikuwa na grisi, naye aliiweka kwenye suruali safi bila kujua.

"Kama kuna mutu amemugusa mutoto wangu," alisema, kisha hakumaliza.

"Amesema si mutu."

"Basi ni jini? Tumwite shehe?"

"Mi sijui, Baba Houda. Tumwombe Mungu. Lakini mi sijui."

Siku mbili zilipita hivyo. Sikuzani alichoma sambusa zikawa nyeusi. Alimrudishia mteja chenji mara mbili. Usingizi ulimpotea hata yeye.

Alhamisi alasiri alikuja Daphrose. Daphrose ni mama wa makamo, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa amehamia pale miezi michache kabla. Anafanya kazi kwenye chumba cha kusomea cha mtaa, kilicho kando ya kanisa. Watu wanakiita bibliotheke. Alizoea kununua sambusa nne kila Alhamisi, na alizoea kumkuta Houda kwenye ngazi anasoma. Leo alimkuta Houda amekaa chini, ameegemea mguu wa mama yake, mikono mitupu.

"Salama, Mama Houda?"

"Salama kidogo, Mama Daphrose."

Daphrose alimtazama mtoto. Hakumwuliza ana nini. Aliuliza jambo lingine.

"Houda, siku hizi unasoma nini?"

"Sisomi."

"Husomi? We? Wiki mbili zilizopita nilikuona na kitabu kikubwa, cha Kifaransa. Kina msichana wa gauni la njano. Umekimaliza?"

Houda alianza kulia. Alilia kwa sauti, machozi na makamasi, kama mtoto wa miaka mitatu. Sikuzani aliangusha kijiko. Alimkumbatia na kumuuliza, "Nini, mwanangu? Kitabu kina nini?"

"Hawakurudi," Houda alisema ndani ya kilio. "Walimwambia wanarudi, na hawakurudi."

"Nani hawakurudi?"

"Mama yake. Na baba yake. Walimuficha kwenye pipa la maji. Wakasema usitoke mpaka turudi. Hakutoka. Na kitabu kikaisha."

Daphrose aliinama. "Kitabu kiko wapi, mwanangu?"

Houda alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba. Walikwenda wote watatu. Huko kulikuwa na gunia la makaa, na karibu yake beseni la zamani lililogeuzwa juu chini. Juu ya beseni palikuwa na jiwe. Sikuzani aliondoa jiwe, akafunua. Kitabu kilikuwa pale, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nani amekiweka huku?"

"Mimi. Sikutaka kilale ndani ya nyumba."

Sikuzani alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la makaa. Alicheka, kisha akajikuta analia, kisha akacheka tena.

"Kitabu," alisema. "Alhamdulillahi. Ni kitabu tu."

Siku tatu alikuwa amebeba mzigo mzito kifuani. Sasa mzigo ulianguka. Hakuna mtu aliyemgusa mtoto wake. Hakuna jini. Jirani mpole alikuwa mpole kweli. Sikuzani alijifuta uso kwa kitenge, na makaa yakampaka shavu.

Daphrose alimpa mkono ainuke. "Mi pia nafurahi," alisema polepole. "Lakini kwako ni kitabu tu. Kwa Houda si kitabu tu. Siku hizi zote anaishi ndani yake."

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, Rachidi alirudi. Alikuta wanawake wawili wanamngoja na kitabu kiko juu ya kigoda. Alipokiona, alitabasamu kwanza.

"Ah, zawadi ya Houda. Mi ndiye nilinunua."

Sikuzani alimweleza. Tabasamu la Rachidi lilipotea kidogo kidogo. Alikaa.

"Nilikipata kwa wauza vitabu vya zamani, kando ya barabara," alisema. "Nilimwambia muuzaji nataka kitabu kubwa, mutoto wangu anapenda kusoma, vile vidogo amevimaliza. Nikaona hiki kina picha ya mutoto. Nikasema hiki ni cha watoto."

"Alikuuliza mutoto ana miaka mingapi?" Daphrose aliuliza.

"Apana. Na mi sikumwambia."

Daphrose alichukua kitabu, akakigeuza nyuma. Alisoma Kifaransa kile, kisha akakitafsiri kwa Kiswahili. "Hapa wameandika: riwaya ya vita, kwa wasomaji watu wazima. Imeandikwa waziwazi."

Rachidi alishika kichwa. "Mi sikugeuza."

"Wengi hawageuzi, Baba Houda. Tunaona mutoto kwenye jalada, tunafikiri ni kitabu cha watoto. Lakini watu wazima pia wanaandikiwa vitabu juu ya watoto. Kitabu hiki si kibaya. Nimewahi kukisoma. Ni kizuri, na kinaumiza. Aliyekiandika alitaka mutu mzima aumie, ndiyo maana alimwacha yule mutoto ndani ya pipa."

"Sasa Houda alimalizaje kurasa zote hizo?" Sikuzani aliuliza. "Kifaransa chake bado kidogo."

"Hapo ndipo kuna shida nyingine. Alielewa nusu. Ile nusu nyingine aliijaza mwenyewe, na mutoto akiogopa anajaza kwa hofu. Kichwani mwake kuna mambo mabaya kuliko yaliyomo kitabuni."

Sikuzani alikumbuka mlango wa choo na sauti ndogo inayouliza, Mama, bado uko? Alikuwa amecheka. Sasa moyo ulimchoma.

Alisimama, akakichukua kitabu, akaenda nacho kwenye mbabula. Moto ulikuwa bado unawaka.

"Subiri, Mama Houda," Daphrose alisema. "Ukikichoma, mutoto atajua kwamba hata we unakiogopa. Nipe mi nikiweke kule bibliotheke, kwenye kabati ya watu wazima. Houda aone kinakwenda mahali pake."

Rachidi alikuwa na wazo lake. "Hadithi zimekwisha," alisema. "Asome vitabu vya shule tu. Hesabu haiogopeshi mutu."

"Mi hesabu iliniogopesha sana," Daphrose alijibu, na Rachidi alicheka bila kutaka. Daphrose aliendelea. "Baba Houda, gari ikipata ajali, unafunga gereji?"

"Apana. Unatazama breki."

"Basi tutazame breki. Kumkataza kusoma si dawa. Hofu aliipata kwenye hadithi isiyo ya umri wake. Tumtafutie ya umri wake. Kesho mumlete."

Sikuzani alisita. "Mama Daphrose, sisi ni Waislamu. Mi nilifikiri kile chumba ni cha watu wa kanisa."

"Kiko kando ya kanisa, lakini ni cha mtaa. Ufunguo ninao mi, na siulizi mutu anasali wapi."

Kabla ya kuondoka, Daphrose alimvuta Sikuzani kando. "Kuna kazi moja siwezi kuifanya mi," alisema kwa sauti ya chini. "Houda atakuuliza kama mambo yale yalitokea kweli. Usimdanganye. Mwambie kidogo, kwa maneno mafupi. Kisha mwambie na jinsi ilivyokwisha."

Swali lilikuja kesho yake asubuhi. Sikuzani alikuwa anakata vitunguu, na Houda alikuwa anatwanga pilipili.

"Mama, vita ilikuwa hapa kwetu?"

Sikuzani alikuwa na jibu lake la siku zote: hayo ni mambo ya wakubwa. Mama yake mwenyewe alimjibu hivyo miaka mingi. Lilifika ulimini. Akalimeza.

"Ndiyo," alisema. "Ilikuwa hapa. Mi nilikuwa mudogo kuliko we."

Houda aliacha kutwanga.

"Tulitoka Bujumbura kwa miguu kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Bibi yako alinishika mkono. Watu walikuwa wengi sana barabarani. Karibu na Gatumba walisukumana, mkono ukaniponyoka. Nikapotea."

"Ukafanya nini?"

"Nililia. Mama mmoja muuza ndagala aliniona. Alinikalisha juu ya kikapu chake cha samaki. Akasema, 'Kaa juu hapa, mama yako akuone kutoka mbali.' Nilikaa. Nilinuka ndagala wiki nzima."

Houda hakucheka bado. "Alirudi?"

"Bibi yako wa Buyenzi, we humjui? Nani alikusuka nywele Idi iliyopita?"

"Bibi."

"Basi alirudi. Alirudi jua likiwa hapa." Sikuzani alionyesha kwa kisu juu ya paa la jirani. "Alinipiga kofi moja, kisha akanibeba mpaka Uvira, na mi nilikuwa mutoto mukubwa."

Houda alifikiri sana. "Kwa nini alikupiga?"

"Kwa furaha. Watu wazima wana mambo yao."

Hapo Houda alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Sikuzani alisema vitunguu vinamchoma macho, na alifuta macho muda mrefu.

Alasiri walikwenda bibliotheke. Ni chumba kimoja chenye madirisha makubwa, meza mbili ndefu na rafu za mbao. Watoto kama kumi walikuwa wanasoma. Houda alimtazama Daphrose akiingiza kile kitabu cha gauni la njano kwenye kabati na kufunga kwa ufunguo.

"Ukifika miaka kumi na minane, ukitaka, utakuja kukichukua," Daphrose alimwambia. "Ukikataa, pia sawa."

Kisha alitandaza riwaya tatu fupi mezani. Zote zilikuwa za Kiswahili.

"Hizi zote mi nimezisoma mpaka mwisho," alisema. "Siwapi watoto kitabu ambacho sijakisoma. Hiki ni cha mapacha wawili wanaomtafuta mwizi wa taa sokoni. Hiki ni cha mvulana mwenye mkono mmoja tu, naye anataka kupiga ngoma. Na hiki ni cha msichana ambaye mafuriko yanamtenga na shangazi yake."

Sikuzani aliisogeza ile ya mwizi wa taa. "Chukua hiki. Kitakuchekesha."

Houda alinyoosha mkono kwenye ile ya mafuriko.

"Apana," Sikuzani alisema haraka. "Hicho tena kina kupotea."

"Mwache achague," Daphrose alisema. "Mutoto aliyechagua mwenyewe anasoma. Aliyechaguliwa anashika tu kitabu."

"Lakini si umesema mambo ya huzuni hayafai?"

"Sikusema hivyo, Mama Houda. Mutoto wa miaka kumi au kumi na mbili anaweza kusoma huzuni. Huzuni anaijua, iko hata mtaani. Mi nikisoma kitabu chake, naangalia kama yule mutoto wa kitabuni ana umri kama wake. Naangalia kama anafanya kitu, hangoji tu ndani ya pipa. Naangalia kama kuna mutu mzima anayemsaidia, hata mmoja. Na nasoma mwisho. Mwisho si lazima kila kitu kiwe kizuri, lakini mutoto asiachwe gizani. Msichana wa kitabu hiki anamtafuta shangazi yake siku tatu, na anampata. Njia ndiyo ngumu."

Sikuzani alimtazama binti yake. Houda alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili. Hakuwa na uso wa hofu. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua. Pengine, Sikuzani alifikiri, ndicho kitu alichokitaka tangu mwanzo: mtu apatikane.

"Kwanza tukipime," Daphrose alimwambia Houda. "Fungua katikati. Soma ukurasa mmoja, polepole. Kila neno usilolijua, kunja kidole."

Houda alisoma. Alikunja kidole kimoja. Baadaye alikunja cha pili. Ukurasa uliisha.

"Viwili. Basi hiki ni chako. Vidole vyote vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu kinarudi kwenye rafu, kinakungoja ukue. Ulipofungua kile cha gauni la njano, ungekunja vingapi?"

Houda alitazama mikono yake miwili. "Ningeomba vya mama."

Daphrose alimwandikia kadi. Kisha alimgeukia Sikuzani. "Na we una kazi. Usimpe mtihani. Usimwulize amejifunza nini. Mwulize tu, 'Umefika wapi?' Akitaka, atakuambia. Akichoka na kitabu kabla hakijaisha, akirudishe. Si dhambi."

Wiki hiyo Sikuzani aliuliza kila siku. "Umefika wapi?" Siku ya kwanza Houda alisema amefika sura ya pili, maji yameingia jikoni. Siku ya tatu alisema msichana amepanda juu ya paa la shule na mbuzi wawili. Siku ya nne hakungoja kuulizwa. Alikuja mbio kutoka kwenye ngazi, kitabu kimefunguliwa kifuani.

"Mama, amempata. Alikuwa kwenye kambi nyingine, upande wa pili wa barabara. Siku tatu walikuwa karibu, na hawakujua."

"Maskini. Akasema nini?"

"Shangazi? Hakusema. Alikaa tu chini." Houda alifunga kitabu. "Kama we, siku ile ya makaa."

Jumamosi taa ilizimwa, na Houda hakusema kitu. Jumatatu alivaa sare, akachukua sambusa moja, akaenda shule bila kugeuka nyuma. Sikuzani alisimama barabarani mpaka mtoto alipopinda kona. Mteja mmoja alimwambia mafuta yanaungua. Alisema, "Yaungue kidogo."

Mwezi mmoja umepita sasa. Houda amesoma riwaya tano, na mbili alizirudisha katikati kwa sababu zilimchosha. Rachidi naye ana tabia mpya. Akipita kwa wauza vitabu vya zamani, hanunui haraka. Anakigeuza kitabu nyuma, anasoma. Anakifungua katikati, anasoma tena, na mikono yake ya grisi anaifuta kwanza. Akiwa na mashaka, anakipeleka kwa Daphrose kabla Houda hajakiona. Juzi alimwambia mwenzake wa gereji, baba wa watoto wanne, habari ya vidole vitano. Mwenzake alimwuliza kama anafanya kazi ya ualimu siku hizi. Rachidi alisema apana, anatazama breki tu.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna mtu aliyelipanga. Sikuzani alisoma Uvira mpaka mwaka wa tatu wa shule, basi. Tangu hapo alisoma majina ya barabara, barua za shule na maneno ya kwenye mifuko ya unga. Siku moja Houda alikuwa shuleni, na wateja walikuwa wachache. Kile kitabu cha mapacha na mwizi wa taa kilikuwa kwenye kigoda. Sikuzani alikifungua katikati. Alisoma ukurasa mmoja, kidole chini ya kila mstari. Alikunja kidole kimoja, basi. Akarudi ukurasa wa kwanza.

Jana alasiri alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, sambusa zimekwisha, kitabu kiko gotini. Houda alirudi kutoka shule, akatua mfuko wake, akachungulia juu ya bega la mama yake.

"Mama, umefika wapi?"

"Sura ya sita. Mi nafikiri mwizi ni yule mwenye duka la sabuni."

Houda alifungua mdomo.

"Usiniambie," Sikuzani alisema, bila kuinua macho. "Kaa hapa, unyamaze, niache nisome."